Kasa wa Bwana Hemedi

Mdogo wangu Athumani alikufa na titi la mama mdomoni. Ilikuwa alfajiri. Mama alidhani mtoto kapitiwa na usingizi, akamtikisa, akamwita, akamtikisa tena. Hakuwa ameota hata jino. Mimi nilikuwa mkekani, ulimi umevimba, midomo inawaka kama niliyesuguliwa pilipili, nikamsikia mama anasema polepole, "Nyonya, baba. Nyonya kidogo tu." Chumba cha mbele mgeni wetu, Bwana Kombo, alikuwa anakoroma mkoromo usio wa usingizi. Adhuhuri naye akakata roho. Hata hawajazikwa, shangazi yangu Mwanahawa akasimama mlangoni akamnyooshea mama kidole: "Huyu ndiye aliyewalisha!"

Tangu siku hiyo mama yangu anaitwa mchawi. Jina hilo nataka avuliwe angali hai, ndiyo maana naandika, mimi niliyeishia darasa la pili.

Enzi zetu hizo, miaka ya hamsini, uhuru bado, mgeni hakuwa mtu wa kuchungulia na kuondoka. Mgeni alikuja kulala. Sisi tulikaa Tongoni, baba ana minazi yake. Kaskazi ikishika na mji wa Tanga ukawa hauvumiliki kwa joto, rafiki zake wa mtaa wa Usagara walipanda baiskeli Jumamosi asubuhi wakaja kwetu kula mpaka Jumapili jioni. Nasema kula, maana ndicho walichokijia. Walikuwa watu wanaoweza kubishana kutwa nzima kama samaki wa kupaka anataka ndimu au ukwaju. Wali walioula kwetu mwaka jana waliusimulia kama watu wengine wanavyosimulia harusi.

Bwana Kombo alikuwa fundi cherehani, mnene, mpole, mpenzi wa ukoko. Ukoko wa wali wa nazi ukibanduliwa chunguni, yeye kwanza alitumegea sisi watoto, kisha ndipo akatia kinywani mwake. Bwana Hemedi alikuwa karani mjini, mwembamba kama ufito, lakini hilo tumbo lake sijui lilikuwa na mlango wa nyuma! Watu walimpenda kwa maneno yake. Hata mama alimpenda.

Kengele za baiskeli zikisikika tulikimbia njiani, shikamoo, shikamoo, tukapokea vikapu. Halafu kila mtu na kazi yake. Mimi nilikaa juu ya mbuzi nikakuna nazi mpaka mkono ukafa ganzi, na ujira wangu ulikuwa chicha na sukari kidogo. Mama alikamua tui kwa kifumbu, jasho linamtiririka, moshi wa makumbi machoni, na bado anaimba. Uani kulinukia iliki, samaki wa kuchoma, na mkate wa kumimina unaoiva kwa moto wa chini na juu. Tukipata nafasi tulicheza mdako kwenye mchanga nyuma ya jiko. Mwanangu wa leo nikimwambia akune nazi ananitazama kama nimemtuma Makka kwa miguu. Wao wanakula chipsi njiani, wamesimama, kwenye kipande cha gazeti, kisha wanasema wameshiba.

Jumamosi ile Bwana Hemedi alichelewa. Alizunguka mpaka Kigombe kwa wavuvi, akarudi na nyama ya kasa na ini lake ndani ya kikapu, anacheka.

Sasa, kasa si kama samaki. Kasa huyu unamla unashiba, yule anaua mji, na huwezi kuwatofautisha kwa macho wala kwa pua. Kwa hiyo wakubwa zetu walikuwa na desturi: kipande kinapikwa kwanza pamoja na ini, anapewa paka, watu wanangoja. Alasiri ikifika paka mzima, chungu kinapakuliwa. Paka akikataa, nyama inafukiwa, hakuna mjadala.

Mama akamwekea paka wetu kipande juu ya kifuniko, akamwambia Bwana Hemedi, "Mngoje mpaka alasiri, shemeji."

"Shemeji, tumbo langu halijui alasiri."

"Basi lifundishe."

Wanaume barazani wakacheka. Adhuhuri haijaadhiniwa, Bwana Hemedi akaja jikoni na kifuniko kitupu mkononi. "Paka kala, shemeji! Kala zamani, kalamba mpaka kifuniko. Yuko ukumbini kajinyoosha kama bwana harusi."

"Kweli, Bwana Hemedi?"

"Sasa mimi nikudanganye kwa ajili ya nyama?"

Mama akapakua.

Tulikula wote, na mama alikula, na Bwana Hemedi alikula kutushinda sote. Jumapili sote tukalala chini, tunatapika. Bwana Hemedi naye aliumwa, akapona. Athumani hakuonja hata mchuzi. Alinyonya tu.

Hapo ndipo shangazi Mwanahawa alipopata maneno yake. Mtoto hakula kasa, mbona kafa? Na paka aliyekula yule pale, anazunguka baina ya miguu ya waombolezaji na mkia juu. Basi sumu si ya kasa, ni ya mkono wa mpishi. Wazee wakamuuliza Bwana Hemedi pale pale kwenye jamvi la msiba, "Paka alikula?" Akajibu, "Alikula." Akainamisha kichwa akanywa kahawa.

Baba hakumtetea mama hata kwa neno moja. Arobaini ilipopita akampa talaka, naye akarudi kwao Kigombe na mimi nikimshika kanga. Siku hizi hospitali wanajua kwamba sumu ya kasa hupita katika maziwa ya mama. Nilipomwambia akasema, "Kwa hiyo ni mimi kweli niliyempa."

Juzi juzi nilikuwa kwenye harusi Usagara, nagawa pilau upande wa wanaume. Mzee mmoja anawachekesha wenzake. "Mimi ujanani nilikuwa na njaa, jamani! Kuna siku Tongoni niliapa paka kala kasa, kumbe kanusa kaenda zake. Kile kipande nimekitupa mwenyewe nyuma ya ua!" Wakacheka. Nikamtazama. Ni yeye, ufito ule ule. Sinia lilinitoka mikononi.

Zamani wageni walikuja kwetu bila kuulizwa watakaa mpaka lini. Leo mama mzee, na bado anajua kupika wali ambao punje zake haziguswi na punje nyingine. Lakini mtu akibisha hodi, mama kwanza anachota tonge, analila mbele yake, anafungua kinywa aonekane amemeza. Ndipo anakaribisha. Kila mgeni, mpaka leo.

Baba na shangazi wako kaburini, hao siwapati. Wewe, Bwana Hemedi, nakupata. Unakaa barazani kwako Usagara, unakunywa kahawa, afya tele. Njoo Kigombe. Sitaki pole yako, wala sitakupikia. Nitawaita majirani, mama ataketi mbele yako, nami nitakuuliza lile lile walilokuuliza wazee: paka alikula?