Maji ya Kisima Ndani ya Jerikeni ya Maabara

Siku yangu ya kwanza kazini, katika shule moja karibu na Sultan Hamud, Mkuu wa Idara ya Kemia, tuliyemwita Madam, hakunipa hata kiti. Alinipa kopo la maji na kijiko cha chumvi iitwayo potasiamu naitreti.

"Koroga, halafu ushike kopo," akasema. Nikalishika. Lilikuwa baridi kana kwamba limetoka kwenye friji.

"Sasa wewe ndiye fundi wa maabara. Niambie hiyo baridi imetoka wapi."

Sikujua, na Madam hakufurahi. Akanieleza kwamba fuwele ya chumvi ni chembe zenye chaji chanya na hasi, zimepangwa safu kwa safu, kila moja ikivutwa na jirani zake. Kuzitenganisha kunahitaji nishati, ile inayoitwa nishati ya latisi. Maji yakizizingira chembe hizo hurudisha sehemu ya nishati, na yakirudisha pungufu ya ile iliyotumika, kopo hupoa. Tena kuna fuwele zilizoshikana hivi kwamba maji hayaziwezi, haziyeyuki kabisa.

"Hizo ndizo zitakusumbua," alisema. Nilidhani ananitisha tu.

Baada ya miaka mingi nikahamishiwa Kitui, upande wa Kwa Vonza. Kisima cha shule kilikuwa na maji ya chumvi, na chai yake ilihitaji moyo. Maji ya maabara yalikuwa yale ya mvuke uliopozwa, yasiyo na chumvi yoyote, na yalitufikia kwa jerikeni. Wiki ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne, jerikeni ilikuwa imebaki nusu.

Mimi nililelewa na mama aliyeosha mboga, akapigia deki maji hayo hayo, kisha akamwagilia mpapai. Kusema maji hayatoshi huku kisima kipo, mdomo wangu ulikataa. Nikaijaza jerikeni kwa maji ya kisima, kama mtu anavyoongeza maji kwenye chai wageni wakizidi. Yalikuwa maangavu kabisa. Nikajipongeza, mjinga mimi.

Asubuhi ya mtihani nikayapima maji hayo kwa matone mawili ya silva naitreti, dawa ya kutambua kloridi, niliyoitengeneza kabla ya ujanja wangu. Yakageuka meupe kama maziwa. Kloridi iliyomo katika chumvi ya kisima ilikuwa imekamatana na silva, na hiyo ni mojawapo ya fuwele ambazo maji hayaziwezi. Unga ambao watahiniwa wangepewa wautambue haukuwa na kloridi hata chembe. Lakini darasa zima lingeona weupe, liandike kloridi ipo, na kupoteza alama kwa kosa langu.

Nikaenda kwa Prinsipo, mkuu wa shule. "Mwalimu, nimeharibu maji ya mtihani."

Hakupiga kelele, na hilo lilinitisha zaidi. "Musyoka, mtihani ni saa tano. Dawa ni gani?"

"Maji ya mvua. Hayo hayana chumvi."

"Na hiki kiangazi chote, mvua utatoa wapi?"

Mpishi wetu, Mwaitu Mbula, yaani Mama Mbula kwa Kikamba, mtu mzima tuliyemheshimu wote, alikuwa mlangoni na chai ya Prinsipo. "Kanisani kwetu kuna tangi ya mvua," akasema. "Ufunguo ninao mimi. Lakini hiyo ni maji ya kunywa, Musyoka. Usiende kuchezea."

Tukayaleta. Nikayachuja, nikadondosha silva naitreti huku nimefumba jicho moja. Maji yakabaki vile vile. Nikaanza kucheka, na machozi yakanitoka.

"Sasa unacheka nini na hakuna kitu imetokea?" Mwaitu akauliza.

"Ndiyo hiyo, Mwaitu! Hakuna kitu!"

Nikamwaga kila kimiminika nilichokitayarisha kwa maji ya kisima, nikakitengeneza upya, nikasuuza mirija yote ya majaribio. Saa tano watahiniwa wakaingia. Prinsipo alinipa barua ya onyo wiki iliyofuata, na niliistahili.

Siku hizi nimestaafu, nalima ndengu kwetu Makueni. Mafundi vijana wakinitembelea huwaambia wayapime maji kabla ya kupima kitu kingine chochote. Nao huniuliza ni jambo gani zuri zaidi nililowahi kuliona maabarani. Wanatarajia moto, au rangi zinazobadilika. Mimi huwasimulia habari za msichana mmoja kati ya watahiniwa wa siku ile. Alidondosha dawa, akangoja, akauinua mrija dirishani. Akanitazama kama anayeniuliza, nami sikuruhusiwa kusema neno, nikaangalia dari. Akautazama tena mrija ule, ambao ndani yake hakuna kitu kilichotokea, kisha akainama akaandika: kloridi haipo.