Nilipeleka mashine ya kufukuza ndege Namawala, nikaishia kuamia mwenyewe

Wakuu, poleni na majukumu. Nasimulia kama ilivyotokea, sijaongeza hata punje, maana aibu yenyewe inatosha.

Niko final year, uhandisi wa umeme. Chuo kilitugawa kwenye sekondari za bonde la Kilombero tuwe mentors wa club za sayansi. Mimi nikaangukia Namawala.

Kwenye club kulikuwa na binti wa form three, Skolastika. Kichwa hatari. Nilimwona siku mbili tu, akapotea. Mwalimu akaniambia mpunga umeanza kukomaa, baba yake kamweka shambani kuamia ndege, awafukuze wasile mpunga, na mitihani inaanza Jumatatu.

Roho iliniuma. Na kwa ujuaji wangu, nikasema hilo dogo.

Nikaunda mashine: sola, betri, spika yenye mlio wa mwewe, na mota ya wiper ya gari ya kuizungusha. Jumapili nikaipakia kwenye bodaboda, najiona nimeshaikomboa nchi.

Nikampa Baba Skola shikamoo, nikamwaga somo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema ndege wakiondoka, binti kesho anaenda kwenye mtihani. Wasipoondoka, nisimsumbue tena mpaka mavuno.

Nikawasha.

Mwewe akalia kwelikweli. Kuku wote pale kwenye kibanda cha familia, pembeni ya shamba, wakatimkia porini, mmoja akaacha mayai aliyokuwa anaatamia. Mama Skola akatoka na mwiko kuuliza nimewafanya nini kuku wake.

Ndege kwenye mpunga sasa? Wanakula tu. Wawili wakatua juu ya spika, wakawa wanazungushwa nayo kama wako kwenye bembea.

Nilitamani ardhi inimeze.

Skola akashuka dunguni, kile kichanja cha miti anachokaa mwamiaji, bila kucheka, namshukuru mpaka leo. Akaniuliza kama ile mota inaweza kuvuta kamba. Nikamwambia inaweza. Akang'oa spika, akafunga pale kamba yake ya makopo, ile aliyokuwa anaivuta kwa mkono kutwa nzima.

Makopo yakapiga kelele shamba zima. Ndege wakanyanyuka wote.

Mzee akatazama juu, akatazama mashine, akanigeukia.

"Binti yangu kesho aende shule. Lakini hii kamba itakwama tu, na mimi nina safari ya Ifakara. Kwa hiyo wewe mhandisi, panda dunguni."

Nikapanda, ningefanyaje.

Niliamia mpaka Ijumaa. Kamba ikikwama nashuka, nainasua, napanda tena. Viganja vilichubuka, na jua la bondeni halijali msomi.

Ijumaa Skola akapita na sare zake, mitihani yote kamaliza. Akazunguka shamba taratibu, akarudi.

"Kaka, ule upande wa mtoni wamekula. Ulisinzia?"

Nilisinzia, wakuu.

Funzo nililopata: kabla hujamletea mtu mashine, muulize anayeifanya hiyo kazi kila siku.

Mliokulia kwenye mpunga mje mnisaidie hapa chini: saa nane mchana, juu ya dungu, nyie mlikuwa mnakaaje macho?