Mafuta ya Baba Mkwe

Kumchukia baba mkwe ni utovu wa adabu, najua. Nilimchukia hivyo hivyo. Mwalimu mstaafu wa hesabu yule hakutaka bintiye aolewe na fundi pikipiki, na kwa miaka miwili hakukanyaga kwetu Miyuji. Nikimwamkia shikamoo mjini, aliitikia marahaba huku akitazama pembeni.

Kilichomleta ni magari ya rimoti. Alisikia tunashindana kila Jumamosi kwenye kiwanja cha vumbi nyuma ya nyumba yangu, akanunua lake, akaanza kuja. Mke wangu alifurahi hadi akawa anabandika chai saa nzima kabla baba yake hajafika.

Jumamosi moja shokapu za gari lake zikataka mafuta mapya ya silikoni. Nilikuwa na chupa mbili tu, namba mia mbili, nyepesi, na namba elfu moja, nzito kama asali. Yeye alitaka mia sita. Akaandika kwenye karatasi: jumlisha, gawa kwa mbili, basi tuchanganye nusu kwa nusu.

"Baba, haiendi hivyo," nikasema. "Ile nyepesi inaizidi nguvu nzito. Tuongeze nzito."

"Loo! Mtu wa spana anifundishe mimi wastani?"

Wenzangu wote wakacheka. Damu ikanichemka. Nikachanganya alivyotaka, nikajaza shokapu, nikaikandamiza kwa kidole. Ikazama haraka mno. Gari lingejibamiza chini kwenye tuta la kwanza.

"Iko sawa?" akauliza.

"Sawa kabisa, baba."

Likaruka tuta, likatua kwa tumbo, mkono unaoshika gurudumu la mbele ukakatika. Watu wakapiga miluzi. Jamani, nilifurahi! Sikuificha furaha yangu hata kidogo.

Mzee akaliokota, akakandamiza shokapu kama nilivyofanya mimi. Akaniangalia.

"Ulijua."

"Nilijua. Si wewe ndiye mwalimu?"

Akalitia gari kwenye mfuko, akaondoka bila kuaga. Mke wangu akatoka na sinia la vikombe, akakuta kiti kitupu. Wenzangu wakamweleza kila kitu kabla sijafungua mdomo.

"Alinidharau mbele za watu," nikamwambia.

"Na mimi nilikudharau lini?"

Akaimwaga chai yote kwenye vumbi, akarudi ndani.