Ukurasa Ulioandikwa "Subiri Kidogo"

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo siwezi kuikumbuka nikiwa nimekaa. Lazima nisimame, nizunguke chumba, nishike kitu. Nakusimulia leo kwa sababu juzi umeniambia tena kwamba tovuti yako "imebaki kidogo tu". Huu ni mwezi wa tano unaniambia imebaki kidogo, na mimi neno hilo siwezi tena kulisikia.

Nakuita mwanangu ingawa nina miaka thelathini na miwili na mtoto wangu wa pili bado ananyonya. Usicheke. Mama aliyenigombeza siku hiyo hawezi kukuandikia, kwa hiyo maneno yake nayabeba mimi.

Nilimaliza sekondari hapa Kolwezi, chuo sikuona. Kuandika programu nilijifunza peke yangu, kwenye kompyuta yenye ufa katikati ya skrini, saa ambazo binti yangu Dorcas yuko shuleni na umeme haujakatwa. Nilikuwa na tovuti ya mazoezi ya imla kwa wanafunzi. Nilikuwa na tovuti ya waendesha pikipiki wa Musonoi, na nyingine ya nyimbo za kwaya. Zote nzuri, na hakuna hata moja iliyowahi kufunguliwa na mtu mwingine. Zilikaa ndani ya mashine yangu kama sahani za wageni zinazofungiwa kabatini mpaka mwenye nyumba anazeeka.

Halafu wakaja watu wa makopo ya rangi.

Avenyu yetu ilikuwa kando ya shimo la mgodi. Kila siku adhuhuri walilipua miamba, na kuta zetu zilipasuka pamoja nayo. Shimo lilikuwa linatukaribia. Jiko la nyumba ya mwisho lilikuwa limeshaanguka lenyewe. Jumatatu moja vijana wenye kofia ngumu walipita na makopo ya rangi nyekundu, wakachora msalaba na namba kwenye kila mlango. Namba zilipinda na rangi ilichuruzika mpaka kizingitini. Hawakungoja zipendeze, mwanangu. Waliotufukuza hawakusema "imebaki kidogo". Walichora, wakaenda, na mwisho wa mwezi tulikuwa tunashusha mabati. Huyu kaenda Luilu, yule Likasi, wengine karibu na Nzilo, wengine hatukujua wapi.

Sasa nikuambie habari za mzee wetu, Tata Ilunga. Alikuwa dereva wa mashine kubwa kwenye kampuni ya zamani ya mgodi, mpaka kampuni ilipoanguka. Kwetu yeye ndiye aliyekuwa akipeleka habari za msiba. Mtu akifa, Tata Ilunga anavaa koti lake la kahawia, anavua kofia, anapita mlango kwa mlango. Alikuwa hasemi kwa sauti. Ukimwona anakuja na kofia iko mkononi, unaweka chini unachofanya, unamngoja. Hakuna mtu wa avenyu yetu aliyezikwa bila sisi kujua.

Wiki ile ya mabati alikuja kwangu, akakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Mama Dorcas, batu banasambaa. Mutu akikufa sasa, mi nitapitia mulango gani?"

"Nitatengeneza site, Tata. Kila mutu jina yake, fasi alihamia, na telefone yake. Anayetafuta anafungua tu."

"Basi niandike mi wa kwanza. Mi njo mwenye kubebaka kofia."

Nikachukua daftari la Dorcas, nikapita nyumba zote. Kundi la simu tulishalijaribu. Lilijaa video na sala za kutumiana, namba za watu zikazama humo. Kwa hiyo watu walifurahi, kila mmoja akasema niandike. Ndani ya wiki moja ukurasa ulikuwa tayari: mweupe, herufi nyeusi, majina yote, unafunguka hata kwenye simu mbovu.

Hapo ndipo nilipokosea.

Niliuangalia, nikaona haya. Nikawaza mafundi wa Lubumbashi wakiuona watacheka, watasema huyu mama angebaki na sufuria zake. Nikauondoa. Nikaanza upya, safari hii na ramani. Ramani ilipokaribia kufanya kazi nikaona video ya kijana fulani anasifu njia mpya ya kuandika, nikatupa yote nikaanza tena. Mara ya tatu nilibadilisha rangi tu, wiki nzima. Nilikuwa nasonga mbele kila siku, mwanangu, na hakuna mtu aliyekuwa anafika mahali.

Kwenye anwani yenyewe, niliyokuwa nimeshawapa watu, niliweka ukurasa wa kusubirisha wageni. Mlima wa rangi ya shaba, mduara unaozunguka, na chini yake kwa herufi kubwa: "Subiri kidogo". Mduara ule ulinichukua siku nne, nikitaka uzunguke taratibu. Namba yangu ya simu sikuiweka. Niliona itaharibu mpangilio.

Tata Ilunga alikuwa amehamia Fungurume kwa binti yake, Béatrice. Alinipigia mara mbili.

"Ile kitu iko?"

"Bado kidogo, Tata."

"Kidogo ya kweli, ao kidogo ya mushonaji wa nguo?"

Tukacheka wote. Mara ya pili hakunitania. Aliuliza, nikamjibu vilevile, akasema sawa.

Aliyeniletea habari ni Mama Kapinga. Huyu ni jirani yetu wa zamani, mzazi wake aliletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Alikutana na Béatrice sokoni Kolwezi, amevaa nyeusi. Tata Ilunga alikuwa ameshazikwa wiki tatu. Mama Kapinga alikuja moja kwa moja kwangu, hakukubali hata kiti.

"Funga mutoto ku mugongo. Tunaenda Fungurume."

Tulifika mchana. Koti la kahawia lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, kofia juu yake. Tukakaa kwenye mkeka, tukalia kidogo, kisha Béatrice akaeleza bila hasira yoyote. Angenitukana ningepona haraka. Simu ya baba yake ilipotea siku walipomkimbiza kwa daktari, na namba zetu zote zilikuwa humo.

"Lakini tulisema haina shida," akasema. "Papa alikuwa ameniandikia anwani ya site ku karatasi. Alisema, siku yangu ikifika fungua pale, avenyu yote iko mule ndani. Tukafungua. Iliandika subiri kidogo. Tukasubiri. Tuliongeza siku moja mbele ya kuzika, juu tuliwaza itafunguka. Mi nilikuwa nashika telefone, naangalia kile kiduara kinazunguka."

Alizikwa na mkwewe na majirani wachache ambao hawakujua hata wimbo alioupenda.

Mama Kapinga akanigeukia mimi.

"Ile ya kwanza, ile nyeupe ulinionyeshaka, iko wapi?"

"Kopi yake iko mu telefone yangu, mama."

"Majina ilikuwa inaonekana?"

"Ilionekana."

"Sasa juu ya nini uliifunga?"

"Haikuwa muzuri, mama."

Mama Kapinga alisogea karibu nami. Mtoto alikuwa anachezea khanga yangu.

"We, Mama Dorcas, sikiliza," akasema. "Wakati tulifukuzwa Kolwezi, sisi batu ba Kasai, juu ya kabila yetu, nilikuwa kijana kama we. Tulilala ku gare wiki na wiki. Treni inakuja, batu banapanda, ingine siku ingine, hakuna anayejua nani alienda wapi. Batu balikuwa banachukua makala, ile makaa ya kupikia, banaandika ku kibambazi, ku ukuta ya gare. Fulani amepanda, anaenda kwa shangazi. Fulani anangojea bibi yake. Maandiko ya kupinda, mvua inaosha, banaandika tena. Mi jina ya mukubwa wangu nilisoma pale, na nilimupata. Aliandika mubaya kabisa, ile R yake ilikuwa inaangalia nyuma. Kama angesema angoje kwanza ajifunze kuandika muzuri, mi leo sina ndugu." Akanielekezea kidole. "We una makala mu mukono miezi tano, unaichonga."

Nilitoa simu, nikanunua mega za intaneti kwa kijibanda cha mlangoni, nikafuta mlima, nikafuta mduara, nikarudisha ukurasa ule mweupe niliouonea haya. Dakika chache tu. Ndizo zinazoniwasha mpaka leo, dakika zile chache. Mstari wa kwanza ulikuwa wa Tata Ilunga, kama alivyotaka, nikaongeza pembeni: amefariki, kilio kiko Fungurume kwa Béatrice. Nikaweka namba yangu juu kabisa. Ilivuruga mpangilio.

Béatrice alifungua kwenye simu yake. Akasoma jina la baba yake, akashuka na majina ya wengine, taratibu, akimtaja kila mmoja kwa mdomo. Tukaanza kupiga simu pale pale mkekani, mimi na yeye na Mama Kapinga, kila mtu na herufi zake.

Jumapili iliyofuata walikuja. Wa Luilu kwa pikipiki, wa Likasi kwa lori, wazee waliokodi gari moja. Kwaya ya avenyu yetu iliimba kaburini wimbo wake, wiki nne baada ya mazishi, na Béatrice aliuimba nao akisoma midomo yetu. Tulipoagana aliitoa ile kofia kwenye msumari, akaitia katika mfuko wangu, akasema, "Sasa ni we." Iko juu ya meza ninapofanyia kazi. Naiona kila ninapotaka kuanza upya.

Ukurasa bado ni mbaya. Ramani imerudi, kipande kwa kipande, mbele ya macho ya watu. Wao ndio wananiambia wapi pamekosewa. Mama mmoja wa Nzilo alinipigia kunigombeza kwamba herufi ni ndogo, nikazikuza siku hiyohiyo. Hayo ndiyo maendeleo niliyokuwa nayatafuta peke yangu na mlango umefungwa.

Kwa hiyo, mwanangu, acha kuniambia imebaki kidogo. Niambie ni nani ameifungua. Ikianza kumfaa mtu mmoja, iweke nje siku hiyo, na haya zako zote, kisha uitengeneze huku anaitumia. Usimwambie mtu asubiri kama hujui anasubiri nini. Na weka namba yako, hata ikiharibu sura. Mimi nitakusimamia mpaka uifungue, nitakupigia kila asubuhi, utanichoka.

Mungu akupe umeme usiokatika katikati ya sentensi. Akupe wakosoaji wakali wenye simu mbovu. Akuondolee haya mikononi. Na siku mtu akifungua mlango wako akiwa na msiba, akukute ndani.