Kafi Mlangoni

Watu wa mtaa wetu hapa Nchelenge, kando ya ziwa, waliwahi kuniletea unga wa msiba nikiwa hai, tena nimelala. Jirani aliona mlango umefungwa mchana kweupe, akasema basi, humo ndani kuna maiti au mgonjwa mahututi. Akaja na beseni kichwani. "Odi! Odi!" Nikatoka nimejifunga kitenge, macho mekundu, naye akaangua kilio kabla sijafungua mdomo. Jamani, nilikuwa nimetoka zamu ya usiku, nataka kulala tu!

Mimi ni muuguzi wa wodi ya wazazi. Usiku kucha nazalisha, asubuhi narudi nyumbani, na hapo ndipo dunia nzima inapoamka. Wauza samaki wanapita wakiita. Watoto wanafukuza ndege kwenye chisense, vile visamaki vyetu kama dagaa, vilivyoanikwa mchangani. Na mama mkwe wangu, Mungu ampe maisha marefu, alikuwa akitwanga muhogo chini ya dirisha langu, tu, tu, tu, utadhani kilichomo kinuni ni kichwa changu.

Tulikaa naye nyumba moja. Mume wangu alikuwa akivusha mizigo kwenda kisiwani Kilwa, humuhumu ziwani kwetu, siku nyingi hayupo. Mama mkwe ni mjane wa mvuvi. Kiswahili alikiokota sokoni kwa Wakongo wanaonunua samaki, na mimi nilikulia ng'ambo ya ziwa kwa Wakongo haohao, kwa hiyo ndiyo lugha tuliyosemeshana. Kusema kweli, hatukusemeshana sana. Nilidhani ananiona mvivu. Mkwe kajifunika shuka, jua liko utosini, mama mkwe anatwanga! Hasira zilinijaa, nikazimeza, maana mama mkwe hajibiwi.

Lakini mwili si chuma. Mchana sikupata hata lepe la usingizi. Nikawa natia chumvi mara mbili, nalia bila sababu. Kisha asubuhi moja, nimembeba mtoto aliyezaliwa alfajiri, nikasinzia nimesimama. Mama yake akanishika mkono taratibu. "Mama nesi," akasema, "unipe mutoto wangu." Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Mtoto alikuwa salama. Nikarudi nyumbani.

Nikaketi chini jikoni, nikamweleza mama mkwe yote. "Naacha kazi," nikamwambia. "Leo jioni naenda kuwaaga. Kazi naipenda, mama, lakini nitaangusha mtoto wa watu." Nikalia kwikwi. Yeye akaendelea kuchambua sombe, majani ya muhogo ya mboga.

"Enda ulale kwanza," akasema, basi.

Nikaona, haya, hata hili halimgusi. Nikalala chali nikingoja mchi uanze. Haukuanza. Nikasikia kitu kinaburuzwa, kisha kigoda kinawekwa mlangoni. Kisha sauti ya yule jirani wa unga: "Odi!"

"Shii! Hauone kafi?"

Kafi! Nililijua, lilikuwa kasia la mtumbwi la marehemu baba mkwe. Alikuwa akivua chisense usiku kwa taa, na mchana alipolala, mkewe alililaza kizingitini. Majirani wote walielewa: mtu wa ziwa amelala, usitwange karibu, usibishe hodi. Tangu azikwe, lilikuwa darini jikoni, na hakuna aliyeruhusiwa kuligusa, hata mume wangu.

Jirani akacheka. "Weee mama! Hiyo ni ya bavuvi. Mukwe wako naye alienda kuvua?"

"Alienda," mama mkwe akajibu. "Mimi nilizania banesi beko na dawa yao ya usingizi. Kumbe hapana, beko sawa na bavuvi tu. Bwana yangu alikuwa analeta samaki. Huyu analeta bantu. Sasa pita, mutu analala."

Nikauma shuka nisisikike nikilia. Miaka yote ile, mimi na hasira zangu za bure! Nilimpenda saa ileile, kwa moyo wote, na usingizi ukanichukua machozi hayajakauka.

Nilipoamka jua lilikuwa limeshuka upande wa Kongo. Nyumba kimya, kinu kikavu, bukari, ugali wetu wa muhogo, hakuna. Nilikuwa mwepesi, na nilijua jioni ile nitaingia wodini na wala sitaaga mtu. Nikafungua mlango polepole nimshukuru.

Mama mkwe alikuwa amelala palepale kwenye kigoda, kichwa kimeegemea mwimo wa mlango, mkono mmoja juu ya kafi. Tangu asubuhi hakuwa ametoka pale. Muuza samaki mmoja alikuwa anakuja na karai lake, keshafungua mdomo aite. Nikaketi kizingitini kando ya kafi, nikaweka kidole mdomoni.

"Pita polepole," nikamwambia. "Mama analala."