Mgongo Wangu na Mama wa Nyuma ya Duka

Mimi sikuwa mtu wa kukaa chini na kufumba macho. Nilikuwa mbeba magunia, na mbeba magunia akikaa chini, ujue amechoka au amefutwa. Ndiyo maana nikiwaambia wajukuu kwamba yoga niliianza hapa Eldoret, siku za walowezi, nyuma ya duka la Mhindi, wananicheka. Wacheke tu.

Mji huu tuliuita Sisibo. Nilitoka Maragoli kutafuta kazi, nikaipata kwenye stoo ya mahindi ya huyo Mhindi, ubavuni mwa duka lake. Mahindi yalitoka mashamba ya wazungu, sisi tukayapakia kwa lori, gunia moja mgongoni kwa mtu mmoja. Kubeba kulikuwa na namna yake: unachuchumaa, unajaza kifua, unafunga pumzi kabisa, ndipo unainuka. Aliyepumua katikati tulimcheka, tukamwuliza mimba ina miezi mingapi.

Mgongo ulipoanza kuuma nilinyamaza. Lakini mficha uchi hazai. Asubuhi moja nilianguka na gunia mbele ya tajiri wetu, yule Mhindi mwenyewe.

"Wiki mbili utashona magunia," aliniambia. "Halafu utabeba matatu mpaka kwa lori. Ukishindwa, natia sahihi kipande yako, unaenda kwenu."

Kwetu nilikuwa na mke na watoto wanne, na shamba la kutosha kuku watatu. Na kipande, kile cheti cha kazi cha mtu mweusi, kikitiwa sahihi ya kufutwa, kazi imekwisha. Niliogopa, sitaficha.

Basi nikawa nashona midomo ya magunia uani, na huko ndiko nilikomjua mama yake tajiri. Alikuwa mjane mzee, mwenye mavazi meupe tupu, na kwenye stoo hakukanyaga. Kila asubuhi, baridi ya Sisibo ikiuma, alitandika gunia chini, akajikunja, akajinyosha, akatulia. Kisha alisimama kutoka pale chini bila kugusa kitu kwa mkono. Haki ya Mungu! Mimi, nusu ya umri wake, nilishika ukuta ndipo nisimame.

Siku ya tatu alininyoshea mwiko.

"Wewe. Mgongo nauma? Kuja."

"Mama, uko na dawa?"

"Iko. Kupumua."

"Aii, Mama! Kupumua nimepumua tangu nizaliwe."

"Hapana. Wewe nafunga pumzi."

Kumbe miezi yote tuliyobeba magunia alikuwa akitutazama kupitia mlango wa uani.

Nilitandika gunia langu mbali na lake, maana wakati ule mtu mweusi hakukaa karibu na Mhindi. Wala yeye hakunigusa. Alinionyesha kwa mwiko tu. Piga magoti. Pinda mgongo kama paka. Lala kifudifudi, inua kifua. Siku ya kwanza niliacha jicho moja wazi, nikisema Baba Yetu moyoni, nisije nikaabudu miungu yake bila kujua. Alipoona midomo yangu inacheza, alicheka mpaka akashika mbavu.

"Omba Mungu yako," akasema. "Lakini pumua."

Nilikuwa mwanafunzi mbaya. Kila kitu nilifanya kwa nguvu, meno nimeyauma, naye anagonga ukuta kwa mwiko: "Nafunga!" Siku moja nilimfokea kwamba yeye hajawahi kubeba hata debe. Alingoja hasira yangu ipoe, akasema kwa sauti ileile, "Pumua." Nilimpenda hapo hapo, kwa ule ukaidi wake. Mpaka leo sijaona mwalimu kama yule. Wiki ya pili niliweza kuinama kunawa uso bila kulia.

Siku ya magunia ikafika. Wenzangu walisimama kutazama, tajiri ameshika kipande changu. Nilichuchumaa, hofu ikaniingia, nikafunga pumzi kama zamani. Mgongo ukanikamata palepale.

Nikasikia miguu peku. Mama alikuwa ameingia stoo! Aliketi chini mbele yangu, katikati ya vumbi la mahindi, na nguo zake nyeupe. Alivuta pumzi polepole, akaitoa. Nami nikatoa yangu, nikainuka nikiitoa. Wenzangu walicheka ile pumzi. Gunia la pili wakasogea kutazama. La tatu nililitua kwa lori, jasho jingi, lakini nimesimama wima.

Tajiri hakufurahi hata kidogo. Alimwambia mama yake maneno makali ya Kihindi, akamnyoshea mkono amwinue. Mama hakuushika. Akaupita, akaninyoshea mimi mkono wake, mbele ya watu wote.

Nilijipangusa kiganja kwenye kaptula, nikaushika, nikamvuta. Hakukuwa na kitu cha kuvuta. Alisimama mwenyewe, kama kila asubuhi, mkono wake ndani ya wangu, na hakuuachia mpaka mwanawe alipotazama vizuri.

Tajiri akarudisha kipande mfukoni mwake bila kukitia sahihi.

"Kesho saa moja," akaniambia. "Usichelewe."