Vumbi la Manjano kwenye Pua ya Bobini

Wifi yangu, mke wa kaka, ni fundi cherehani, na mimi namwogopa. Nasema wazi. Ni mdogo wa umbo, na mkono wa miwani yake umefungwa kwa uzi, lakini akisimamisha mashine akakutazama, unaanza kukiri hata makosa ambayo hujayafanya. Kwa miaka kumi na tisa hajawahi kuacha mshono katikati. Mteja alie, mvua ivuje, yeye humaliza kwanza.

Anayemdekeza ni mmoja tu: Bobini, paka mweupe aliyemkuta akiwa mchanga ndani ya gunia la vipande vya vitambaa. Kaka akichelewa kurudi, haulizwi. Bobini akichelewa, mtaa mzima unahojiwa.

Jumatatu ile alinituma chaki ya manjano, ile ya kuchorea vitambaa. Nikasahau! Nilipita kwa muuza maua, macho yakanipoteza, nikarudi jioni na chungu cha mayungiyungi meupe. Nikakiweka dirishani.

"Mazuri, wifi. Na chaki?" aliuliza bila kuinua kichwa.

"Nimeleta. Nimeiweka kwenye droo."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Nilijiambia nitaileta kesho kabla hajaihitaji, maana alikuwa anashona tu, hakati. Njia ya mwongo ni fupi, na methali hiyo mimi mwenyewe nimewafundisha watoto wangu.

Kesho yake asubuhi nilifika na paketi ya chaki kwenye mkoba, nikiinyemelea droo. Bobini alikuwa amejikunja chini ya meza, pua na kifua vimejaa vumbi la manjano, mate yakimchuruzika. Alikuwa ametapika mara mbili.

"Ameingia kwenye droo, mwizi huyu," fundi alicheka. "Chaki haijawahi kumuua. Ameramba ngapi hapa? Alale, jioni atakuwa mzima." Akaendelea kushona, na bibi harusi wa Jumamosi alikuwa kwenye kiti, shela yake mapajani, akisubiri gauni.

Kwenye droo hamkuwa na chaki! Nikageukia dirishani: unga wa manjano ulikuwa umemwagika chini ya maua, na ndani yake nyayo za paka. Jani moja limetafunwa.

"Wifi, hiyo si chaki."

"Ni nini basi?"

Nikaitoa paketi, haijafunguliwa. "Nilikudanganya. Huo unga ni wa maua yangu."

Mashine ikanyamaza. Nilijiandaa kutukanwa. Yeye aliinuka, sindano ikiwa bado imezama kwenye gauni, akainyakua shela, akamfunga Bobini ndani yake. "Vunja tawi moja, tulipeleke!" Tukatoka mbio! Fundi mbele na paka, mimi na tawi la maua kifuani, bibi harusi nyuma akipiga kelele, "Pisheni! Pisheni jamani!" Watu wakapisha na vigelegele, wakidhani tunaiwahi harusi.

Daktari wa mifugo aliliona tawi kabla ya kumwona paka. "Mayungiyungi! Tangu lini?"

"Jana jioni," nikasema.

"Jani lake, unga wake, hata maji ya chombo chake, kwa paka yote ni sumu. Inaua figo. Mngengoja hadi jioni, mngeniletea maiti." Mikono yake ilikuwa tayari inamwosha Bobini manyoya. Kisha akamtundikia dripu.

Siku tatu fundi alikaa kwenye benchi la daktari, na sijawahi kuiona mikono ile ikiwa haina kazi. Ijumaa asubuhi Bobini alikojoa vizuri, akamng'ata daktari, nasi tukarukaruka kama timu yetu imefunga bao! Gauni lilimalizwa usiku wa siku hiyohiyo. Bibi harusi aliolewa na shela yenye matobo mawili ya kucha, akakataa yazibwe.

Maua yalitupwa. Mimi sikutukanwa hata neno moja, na nilitamani nitukanwe.

Juzi alinituma chaki tena.

"Umeleta, wifi?"

"Nimeleta. Nimeiweka kwenye droo."

Akasimamisha mashine, mshono ukiwa katikati, akaenda kuifungua droo.